Bawa Moja, Viti Viwili

Jumatatu, 4 Aprili 1910

Mpangaji mpya kaingia leo. Anselme Courtillier, fundi wa fidla kutoka Mirecourt. Mwembamba, mrefu, masharubu yameanza kuota mvi. Kaja na mikokoteni miwili: wa kwanza umejaa mbao, wa pili umebeba injini iliyofunikwa blanketi kama mgonjwa. Nilidhani anataka chumba tu. Kumbe anataka na banda.

Banda lenyewe lina mtu. Nimempangisha Bwana Maubrun tangu vuli, yule tajiri wa vitambaa wa Lille mwenye sauti ya kuamsha kijiji, anayebusu mkono wangu hata ukiwa na unga. Eropleni yake imelala humo, ile kubwa ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, katikati vijiti na waya. Kondoo wa marehemu mume wangu Achille hawakuwahi kula nafasi kiasi kile. Nikaenda kumuuliza. Kasema hana neno, banda ni pana, na fidla kidogo haitamdhuru mtu.

Basi tumefunga kamba katikati. Kulia Lille, kushoto Mirecourt. Ufunguo ninao mimi.

Hoteli ndogo kama hii, ya mjane, pembeni mwa uwanda wa Châlons, miaka yote ilikuwa inalaza wauza ng'ombe na wanajeshi. Sasa inalaza watu wanaotaka kuruka. Wanakula vizuri zaidi kuliko wauza ng'ombe, ila wananuka petroli.

Jumatano, 6 Aprili

Chakula cha mchana. Supu ya kabichi na nyama ya nguruwe. Mama mkwe katulia muda mrefu, anamkodolea macho mgeni, mwisho kashindwa.

"Wewe bwana, nasikia eropleni yako ina bawa moja. Liko upande gani?"

"Pande zote mbili, mama."

"Basi ni mawili."

"Ni moja, mama. Limepita kulia na kushoto."

"Kuku wangu mmoja alivunjika bawa akabaki na moja. Alikuwa anazunguka tu uani mpaka tukamla."

Bwana Courtillier hakucheka. Alichukua kisu cha mkate, akakilaza juu ya chupa, kikachungulia huku na huku. Chupa ndiyo mwili, kasema, kisu ndicho bawa. Tabaka moja. Bwana Maubrun akachukua visu viwili na vipande vya mkate, akajenga chake: kisu, mkate, kisu.

"Haya ndiyo mambo," kasema. "Hili ni daraja, mama. Hata ng'ombe anapita. Hiyo ya mwenzangu ni ubao tu, umetupwa juu ya mtaro."

Bwana Courtillier kamtazama kwa upole kabisa. "Umewahi kuona mbayuwayu wa ghorofa?"

Mama mkwe alicheka mpaka supu ikampalia. Ilibidi nimpige mgongoni. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike Achille, na Achille alikuwa mwanawe.

Jumapili, 17 Aprili

Nimeruka.

Nimeruka! Mimi, Philomène Gaudron, mwenye magoti yanayolalamika ngazini. Bwana Maubrun aliniambia baada ya misa kwamba hewa imetulia, twende. Kanifunga sketi kwa kamba chini ya magoti nisije nikapepea kama bendera, kanikalisha nyuma yake kwenye bawa la chini, miguu inaning'inia. Kasema nishike kijiti na nisiguse kitu kingine. Nilishika kijiti hicho kama mtoto anavyoshika titi.

Kelele. Mtetemo. Halafu ghafla hakuna mtetemo tena, na nyasi zinashuka zenyewe.

Tulizunguka shamba la viazisukari, tukapita juu ya mnara wa kanisa, karibu tu, tukarudi. Nilicheka njia nzima. Lakini niseme ukweli hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu: sikuona kitu. Kila nikigeuka ni vijiti, waya, vitambaa, bawa juu yangu, bawa chini yangu. Dunia niliiona vipande vipande, kama kuku anavyoiona kutoka ndani ya tenga.

Mama mkwe kaniuliza kama nimemwona Achille huko. Nimemwambia hatukufika mbali kiasi hicho.

Jumapili, 24 Aprili

Bwana Maubrun anataka kunioa.

Kasema jikoni, mimi nikiwa nakamua jibini kwenye kitambaa, mikono haina pa kwenda. Niuze hoteli, twende Lille. Nyumba ina ghorofa tatu na bafu ambalo maji ya moto yanatoka ukutani. Ukutani! Nikamuuliza mama mkwe atakuwa wapi. Kasema kuna masista pale Châlons, wana nyumba safi ya wazee, wana bustani pia. Ameshawaandikia.

Si mtu mbaya. Anacheka, anakula, anasalimia watu. Mimi nina miaka arobaini na mitatu na nguo zote nyeusi. Nimeomba muda hadi Pentekoste. Kanibusu mkono pamoja na jibini yake.

Bafu hilo ndilo linanisumbua. Nimelifikiria siku nzima.

Jumatano, 27 Aprili

Leo zamu ya Mirecourt.

Wiki tatu Bwana Courtillier amekuwa akipiga randa, akigundisha, akivuta waya na kuzigusa kwa kucha akisikiliza kama bado anatengeneza fidla. Wiki iliyopita alitoka kujaribu. Siku ya kwanza eropleni ilikimbia uwanjani kama bata aliyefukuzwa, isiruke. Siku ya pili ikasimama kwa pua, mkia juu. Kijiji kizima kilikuja kuangalia mkia.

Leo imeruka. Siwezi kueleza vizuri. Ile ya Bwana Maubrun hupanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Hii iliondoka tu. Ilikuwa chini, kisha haikuwa chini. Bawa moja jembamba, jua linapenya kwenye kitambaa mpaka unaona mbavu zake za mbao, na yeye amekaa katikati, kichwa na mabega nje, hakuna kitu juu yake isipokuwa nguzo fupi na waya chache. Alipokata kona nilimwona akitazama chini hivi, begani, kama mtu anayetazama dirishani kwake.

Aliposhuka nilimkimbilia. Nikamwambia ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona.

"Inavuta kidogo kushoto," kasema.

Hiyo ndiyo hotuba yake yote. Nikamuuliza, mtu wa pili anakaa wapi?

"Hakuna mtu wa pili, Bi Philomène. Bawa moja, mtu mmoja. Halina nguvu ya kubeba zaidi."

Nikarudi jikoni nikakatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Jumatatu, 2 Mei

Bwana Maubrun kaja kuniita, anakimbia, yeye ambaye hakimbii. "Njoo uone. Mwenzetu kachanganyikiwa."

Kweli. Bwana Courtillier ameikata eropleni yake vipande viwili. Kwa msumeno! Mkia uko upande mmoja wa benchi, pua upande mwingine, yeye katikati na penseli sikioni. Eropleni iliyoruka vizuri Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa.

"Kulikoni?" namuuliza.

"Mwili ulikuwa mfupi."

"Mfupi kwa nini?"

"Nafanya jaribio." Na masikio yake yakawa mekundu.

Alhamisi, 5 Mei — Kupaa Bwana

Sikukuu. Mikate ya siagi, mvua ya rasharasha. Nilikuwa naosha vyombo wakati Bwana Courtillier alipoingia jikoni, kavua kofia, kasimama. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake kando ya jiko, macho yamefumbwa.

Kaanza mbali. Injini iko puani, kasema, na ni nzito. Mkia ni mrefu, kwa hiyo nao unavuta. Bawa liko katikati kama mkono wa mizani. Ukiweka uzito mahali pasipofaa, pua inazama au mkia unazama, na hapo tena hakuna mjadala. Kwa hiyo mtu anahitaji kujua mapema. Yaani uzito. Wa abiria. Abiria wa kawaida, tuseme. Wa umbo la kati.

Nilimwelewa alipofika kwenye mkia, lakini nilimwacha ahangaike.

"Bwana Courtillier, unaniuliza uzito wangu?"

"Si wako hasa. Wa mtu kama wewe."

Nikasema katika nchi hii hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata daktari. Nikasema aende akampime mke wa mwokaji. Nikasema mengine pia. Ndipo sauti ikatoka kando ya jiko, macho bado yamefumbwa:

"Kilo sabini na tatu. Kabla ya sikukuu."

Akasema asante mama, akavaa kofia, akatoka. Mama mkwe huyu ni kiziwi, jamani. Kiziwi! Ukimwambia achote maji hasikii.

Jumapili, 8 Mei

Nimepeleka kahawa bandani. Mwili umeunganishwa tena, sasa ni mrefu, na una matundu mawili ya kukaa. La mbele lake. La nyuma, karibu kabisa na bawa.

Alikuwa anahangaika na waya za juu, zile zinazotoka kwenye nguzo fupi kwenda mabawani. Nilimuuliza mbona anaongeza. Waya za chini ndizo zinazolizuia bawa lisikunjwe juu na hewa, hilo hata mimi nimeshalijua kwa kukaa na watu hawa. Za juu si kazi yake kulishikilia bawa tu likiwa limepumzika ardhini?

"Ndivyo wanavyosema wote," kasema. "Lakini ukisukuma pua chini kwa ghafla, hewa inabadili nia. Inalipiga bawa kutoka juu. Sijawahi kuona likivunjika hivyo. Nawaza tu kwamba linaweza."

Upande wa pili wa kamba Bwana Maubrun akacheka. "Waya zaidi, uzito zaidi, upepo zaidi wa kukuvuta nyuma. Ukiendelea hivyo mwisho utaweka na bawa la pili, rafiki yangu, na mimi nitakukaribisha upande wangu."

Wakataniana hivyo kidogo. Mimi nilikuwa natazama viti. Cha mbele ni ubao mtupu. Cha nyuma kina mto wa sufu, umeshonwa kwa mkono, vifundo vinne, mshono mbaya sana wa kiume.

Nikachukua vikombe.

Alhamisi, 12 Mei

Vyombo vya jioni bado sijaviosha. Naandika hivyo hivyo.

Leo ilikuwa jaribio la uzito. Gunia la viazi, limepimwa lilingane na mimi, limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Watu wa kijiji wamelipachika jina langu, bila shaka. Mwokaji kalivulia kofia. Nilicheka na wao.

Ilipanda, taratibu kuliko zamani, lakini ikapanda. Ilizunguka uwanda mzima. Nilisimama karibu na Bwana Maubrun, naye akasema chini chini, inabeba, mshenzi huyu, inabeba. Halafu ikawa inarudi, na upepo ukaja kutoka upande wa msitu, ukaiinua pua. Bwana Courtillier kaisukuma chini. Kwa nguvu.

Tukasikia mlio. Kama bunduki.

Waya mmoja wa juu umekatika. Tuliuona ukipepea. Bawa la kushoto likainama, likajikunja kidogo kuelekea chini pale katikati — nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado yuko hewani, pua imenyooka, anakuja kwa upole sana, kama anabeba bakuli la maziwa. Waya wa pili, ule alioongeza, ulikuwa umeshika.

Ilipogusa nyasi, wa kwanza kumfikia alikuwa Bwana Maubrun. Na kitambi kile! Alilishika bawa kwa mikono yake miwili upepo usilipige tena, akabaki ameshika mpaka wengine wakafika.

Bwana Courtillier akashuka. Hakulitazama bawa. Alikwenda kwenye kiti cha nyuma, akaweka mkono juu ya gunia, akakaa hivyo. Kisha akasema "Hapana." Si kwa mtu yeyote. Akaenda zake bandani.

Wakati wa chakula hakuna aliyetania. Baadaye Bwana Maubrun alinikuta ukumbini. "Umeona kwa macho yako, Philomène. Mimi nakupa mabawa mawili na nyumba imara. Jumapili ni Pentekoste."

Jumapili, 15 Mei — Pentekoste

Nimemwambia hapana.

Tulikuwa uani, mimi namchuna sungura, yeye kavaa koti la kijivu na ua kifuani. Ua hilo liliniuma. Kauliza kama ni kwa sababu ya mchonga fidla. Nikasema mchonga fidla hajaniuliza kitu maishani mwake isipokuwa kilo. Kauliza basi ni nini. Nikamwambia ni kwamba ameshampangia kila mtu mahali: mimi ghorofa ya kwanza, mama kwa masista. Na barua kwa masista aliiandika kabla hajaniuliza mimi.

Alifikiri. "Nilitaka nikukute kila kitu kiko tayari," kasema.

"Najua."

"Bafu lile kweli lina maji ya moto."

"Najua, Hector." Mara ya kwanza namwita hivyo. Na ya mwisho, naona.

Kala sahani mbili za sungura. Kasema atabaki hadi mashindano ya eropleni ya Reims, mwezi wa saba, kisha atarudi kwao. Kavua ua, kampa mama mkwe.

Mama mkwe, kiziwi, alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. "Ungekwenda," kaniambia. "Bafu la moto si mchezo."

"Na wewe ungekaa na masista?"

"Ningewatesa."

Halafu akala jibini yangu, yote, ile niliyokuwa nimejiwekea, na alipomaliza alinishika kiganja, akakaa nacho mpaka kengele za jioni.

Alhamisi, 19 Mei

Ile nyota yenye mkia waliyotutisha nayo magazetini imepita, dunia haikuisha. Padri alikuwa amekesha na nusu ya kijiji kanisani. Leo wote wanapiga miayo, wanaonekana kama wamedanganywa. Mke wa mwokaji alikuwa ametubu mambo ambayo sasa anatamani angeyanyamazia.

Bandani: msumeno, randa, kimya. Bwana Courtillier hatoki. Chakula nampelekea mlangoni.

Jumanne, 31 Mei

Bawa limetengenezwa. Jipya kabisa, si kiraka. Nguzo ya juu imekuwa ndefu, waya zimekuwa nene, na kila mmoja una mwenzake. Ijumaa aliruka peke yake. Jumamosi akaruka na gunia. Jumapili gunia. Jana gunia mara mbili.

Leo upepo ulikuwa mbaya makusudi — namaanisha aliusubiri uwe mbaya — akapanda nalo tena, juu sana, akaisukuma pua chini, akainyoosha, akaisukuma tena. Kama mtu anayetikisa meza kuona kama mguu utalegea. Haukulegea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mdomoni.

Viazi hivi vimeuona mkoa wa Champagne kuliko askofu. Vimeona mto Marne, vimeona Mourmelon, vimekaa juu ya mto wa sufu ambao si vyenyewe vilivyoshonewa. Mimi nabaki chini namenya vingine.

Naona wivu. Wa viazi. Nikisoma haya nikiwa kikongwe nitacheka, lakini leo sicheki.

Jumapili, 5 Juni

Nimemuuliza. Nilichoka kungoja.

Alikuwa anapaka mafuta injini. Nikasema, Bwana Courtillier, gunia limeshafuzu. Lini zamu yangu?

Hakugeuka. "Haiwezekani, Bi Philomène."

"Kwa nini? Si umeshaijaribu?"

"Gunia nikiliangusha, naenda sokoni nanunua jingine."

"Kwa hiyo kiti kile ulimtengenezea nani?"

Kitambaa cha mafuta kinazunguka palepale.

"Nilikitengeneza kabla ya ule waya kukatika," kasema. "Nilikuwa sijajua. Sasa najua jinsi waya unavyolia. Siwezi kukaa mbele, na wewe uko nyuma, halafu niusikie tena. Bora ubaki chini. Nikishuka nikute moshi wa jiko unatoka, inatosha."

Ni maneno marefu kuliko yote aliyosema tangu Aprili, na mengine ni mazuri, nakiri. Moshi wa jiko. Lakini nilikasirika hadi miguu ikawa baridi.

Nikamwambia: "Mmoja anataka kuniweka Lille. Wewe unataka kuniweka chini. Wote wawili mna mahali pazuri sana pa kuniweka. Na mimi nina watu wa kulisha."

Nikaondoka. Nimepika vibaya jioni, kwa makusudi. Wamekula wote bila kusema.

Jumatano, 8 Juni

Vita vya kimya. Namwekea sahani, simtazami. Anasema asante, nasema haya. Mama mkwe anafurahia kama yuko sarakasi.

Leo mchana Bwana Maubrun kaweka uma chini, kajifuta mdomo. "Courtillier, asubuhi ulipokwenda posta nilivuka kamba."

"Ulivuka?"

"Nilivuka. Nikaning'inia kwenye bawa lako. Nikalivuta juu, nikalivuta chini, na mimi unaniona nilivyo. Halikulia hata kidogo. Waya zile nilizocheka, sichekei tena. Mimi ningepanda."

"Basi panda."

"Mimi ni magunia mawili, rafiki yangu. Kiti kile hakikupimwa kwa ajili yangu." Akachukua uma wake. "Lakini wewe na mimi tunamjua aliyepimiwa. Na mimi nilishajaribu kumwamulia. Uliona nilivyofaulu."

Nilikwenda kuchungulia tanuri lisilokuwa na kitu ndani.

Sikuwahi kumpenda Bwana Maubrun kama leo, na sijutii jibu langu hata tone. Vyote viwili vinakaa pamoja vizuri tu, naona ajabu.

Jumapili, 12 Juni

Naandika kwa penseli, juu ya goti, mwandiko utanisamehe. Niko kwenye kiti cha nyuma.

Sikwenda misa. Eropleni ilikuwa nje tangu asubuhi, imeelekezwa upande wa upepo, gunia liko pembeni kwenye nyasi linangoja kupakiwa. Bwana Courtillier alikuwa amekwenda kuleta petroli. Nikaja na sketi yangu ya zamani ya baiskeli, ya bluu — sina nyingine isiyo nyeusi — nikapanda. Si rahisi. Unakanyaga pale palipoandikwa kanyaga, kisha unajitupa. Nimekaa. Mto ni mzuri. Mshono unachoma kidogo upande wa kushoto.

Alirudi na debe. Kaniona. Kaweka debe chini. Kasimama kwenye ncha ya bawa, mikono mifukoni, muda wa kutosha mtu kusali rozari ya haraka. Nilimwambia tu kwamba sishuki. Kwamba mkate umeokwa, mama amekula, mlango umefungwa, sina haraka na sina kazi. Kwamba akitaka kuniondoa aniondoe kwa winchi.

Akaenda kujaza petroli. Nikamsikia akimimina.

Bwana Maubrun amejileta na kiti cha bustani, amekaa kivulini pamoja na mama mkwe, wanakula cheri kutoka kofia moja. Mama kaniuliza kwa sauti kama naona vizuri kutoka hapo. Naona, mama. Hapa hakuna kijiti mbele yangu. Bawa liko chini yangu kidogo, kulia na kushoto, jembamba hivi, na baada ya hapo ni uwanda, ngano, miti ya poplari ya kule barabarani, mawingu madogo. Vyote vizima.

Naogopa? Ndiyo. Mlio ule bado niko nao masikioni. Nimeangalia waya za juu moja moja, kila mmoja na mwenzake. Sijui kama zitashika. Yeye pia hajui, ndiyo maana anazunguka. Sasa yuko chini ya bawa la kulia. Sasa yuko mkiani. Sasa amesimama tena, anamtazama Bwana Maubrun, na Bwana Maubrun anatazama cheri.

Upepo umetulia. Bendera ya kanisa imelala.

Amelibeba gunia. Amelipeleka mpaka bandani, amerudi mikono mitupu.

Amevaa kofia ya ngozi. Anakuja upande wangu. Kumbe akisimama ardhini na mimi nikikaa hapa, nyuso zetu zinalingana, sikuwahi kujua. Amenipa mkanda, nimejifunga mwenyewe. Ameuvuta kujaribu. Ameuvuta tena. Sasa ametoa pamba mfukoni, vidonge viwili vidogo, ameviviringa mwenyewe, vya kuziba masikio kwa ajili ya injini. Nimeziba la kulia. La kushoto naliacha wazi kwanza, maana bado amesimama pale pale, ameshika ukingo wa tundu langu kwa mikono miwili, na mdomo wake umeanza kufunguka —